Kabla ya Kuagiza PD-1, Soma Mkia Wake

Mara ya kwanza nilipoagiza kipokezi cha PD-1 kwa majaribio ya maabara, niliangalia mambo mawili tu, jina na bei. Kosa hilo lilinipotezea wiki tatu, na ndiyo maana nawashauri wanaoanza wasome kwanza ni kitu gani kilichounganishwa na protini hiyo.

PD-1, iliyoripotiwa mwaka 1992 na kundi la Tasuku Honjo huko Kyoto, hukaa kwenye utando wa seli T, askari wa kinga ya mwili, na kuzituliza inapokutana na PD-L1, protini ambayo seli nyingi za saratani hujivika ili zisishambuliwe. Kinachouzwa kichupani kwa kawaida ni ile sehemu inayochomoza nje ya seli, ikiwa imepachikwa mkia wa kurahisisha usafishaji: ama mnyororo mfupi wa histidini (aina ya asidi amino), ama Fc, yaani shina la kingamwili ya binadamu.

Mimi nilinunua yenye Fc. Nilitaka kupima jinsi nivolumab, dawa ya saratani ambayo nayo ni kingamwili ya binadamu, inavyoshikamana na kipokezi hicho. Nikaipaka PD-1 kwenye sahani ya elisa, kipimo kinachoonyesha mshikamano kwa rangi, nikatia dawa, kisha nikaongeza kingamwili ya pili yenye kimeng'enya, ambayo kazi yake ni kutambua shina la kingamwili ya binadamu. Nilipotia kioevu cha rangi, sahani nzima iligeuka buluu kabla sijafika safu ya mwisho, hata vile vishimo ambavyo sikuwa nimevitia tone la dawa. Nililaumu uoshaji, nikarudia. Nikalaumu maziwa ya kuzibia nafasi tupu za sahani, nikarudia tena. Kumbe kingamwili ya pili ilikuwa inaikamata Fc niliyoipaka kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipopata PD-1 yenye mkia wa histidini, vishimo vya ulinganisho vilibaki bila rangi.

Sisemi kwamba Fc haifai. PD-1 na PD-L1 hushikana kwa udhaifu, na kwa kuwa Fc huzifunga PD-1 mbili pamoja, mshiko wake kwenye seli huwa imara zaidi; ila usiitumie kukadiria nguvu halisi ya mshiko huo, kwa sababu utapata tarakimu ya kujisifu.

Usishtuke pia ukiipitisha kwenye jeli ya kutenganisha protini kwa ukubwa. Yenye histidini hukadiriwa kuwa na takriban kilodaltoni 17 (kipimo cha uzito wa molekuli), lakini ile inayotoka kwenye seli za HEK293, seli za binadamu zinazokuzwa maabara, huonekana juu zaidi, kama utepe mpana uliofifia kingoni, kwa sababu ya sukari zilizoishikilia. Na ukikusudia kuiunganisha na biotini, molekuli ndogo ya kuwekea alama, agiza isiyochanganywa na albumini, protini inayoongezwa ili kuihifadhi, la sivyo biotini nyingi itaishia kwenye albumini.

Ikifika, zungusha kichupa kwenye sentrifuji kabla ya kukifungua, yeyusha unga wake bila kuutikisa kwa nguvu, kisha igawe katika vichupa vidogo ili usiigandishe na kuiyeyusha kila siku. Changu cha kwanza nilikifungua bila kukizungusha, na hadi leo sijui ni unga kiasi gani niliutupa pamoja na kifuniko.