Maswali ya Wasafiri: Siku Moja Mlimani Kupro, Pamoja na Mama

SWALI

Shangazi, shikamoo. Mdogo wangu anafanya kazi Larnaca, kisiwani Kupro, na mwezi wa tano nampeleka mama akamwone. Siku moja nataka kukodi gari nimtoe mjini, aone kijiji cha asili cha milimani. Nimepanga tuanze Lefkara, tupite Omodos, tupande hadi Kakopetria, na jioni turudi kwa njia ya monasteri ya Stavrovouni. Mama ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Maisha yake yote ameshona kofia za mkono. Mimi ni dereva mzoefu lakini sijawahi kushika usukani nje ya Kenya. Ratiba hii inafaa?
Msomaji, Mombasa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Ratiba hii inakufaa wewe unayependa kuendesha. Mama haimfai.

Ukitazama ramani vijiji vyote vinaonekana vimekaribiana, maana Kupro ni kisiwa kidogo. Lakini kutoka Lefkara hadi Omodos na Kakopetria unaingia milima ya Troodos, na huko ni kona juu ya kona. Mama atashinda garini, ashuke dakika ishirini hapa, dakika ishirini pale, na usiku atakumbuka kizunguzungu tu. Omodos ifute. Kakopetria ifute, ingawa naipenda mno. Stavrovouni ina sababu yake ya kufutwa: wanawake hawaruhusiwi kuingia katika monasteri ile. Sitaki mama abaki nje juani huku mwanawe akizunguka ndani. Iko juu ya kilele, na mtaiona vizuri kutoka barabarani.

Ibaki Lefkara peke yake, siku nzima. Ungeniandikia bila kutaja zile kofia, labda ningekupa jibu jingine. Kwa mama mshonaji sina kijiji kingine cha kumtajia.

Kwanza tumalize habari ya gari. Kupro wanaendesha upande wa kushoto na usukani uko kulia kama kwetu, jambo walilobaki nalo baada ya Waingereza kutawala kisiwa hadi 1960. Kwa hiyo ile hofu ya kupotea upande haipo. Vibao vya barabarani vimeandikwa Kigiriki na pia kwa herufi zetu hizi. Kwenye barabara kuu mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva kabla hujaondoka Kenya, ukibebe pamoja na leseni yako. Omba gari dogo la otomatiki, na kabla hujaliondoa lipige picha pande zote, hata chini ya bampa, ili mkwaruzo wa mtu mwingine usije ukalipiwa na wewe.

Kutoka Larnaca shika barabara kuu ya kwenda Limassol. Ukifika maeneo ya Skarinou utaona kibao cha Lefkara. Toka hapo, uanze kupanda. Safari yote haifiki saa moja. Kuna Lefkara mbili, Kato ya chini na Pano ya juu. Nenda Pano. Simu itakuelekeza upinde uingie vichochoroni; usiitii. Vile vichochoro vilijengwa kwa ajili ya punda na watu, na nimeona gari lililokwama katikati ya kuta mbili za mawe huku wenye nyumba wakisaidia kukunja vioo vya pembeni. Acha gari kwenye maegesho ya kijiji, kisha tembeeni. Mama avae viatu vya soli ya mpira, maana njia zina miteremko na mawe yake yamelainika kwa kukanyagwa. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi, kabla mabasi ya watalii hayajaleta watu na jua halijawa kali.

Sasa nikueleze unampeleka mama kuona nini.

Lefkara ni kijiji cha nyumba za mawe ya chokaa, mapaa ya vigae vyekundu, milango ya mbao iliyopakwa buluu au kijani, na nyua za ndani zenye maua na mizabibu. Lakini jina lake limevuma kwa sababu ya kitambaa. Wanawake wa hapa hutarizi kitani kwa mkono, kazi inayoitwa lefkaritika, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ilikua kutokana na ushonaji wa zamani wa wenyeji, ukachanganyika na ule ulioletwa na mabibi wa Venisi, wakati Wavenisi walipotawala kisiwa, 1489 hadi 1571. Wenyeji husimulia kwamba Leonardo da Vinci, yule mchoraji maarufu wa Italia, alifika hapa mwaka 1481 akanunua kitambaa cha altare ya kanisa kuu la Milano. Ni simulizi, na watakusimulia kwa fahari, msikilize tu.

Mtafute mama mmoja aliyekaa mlangoni na kazi yake magotini, mumwombe ruhusa, kisha mama yako akae karibu atazame mikono. Mshonaji huhesabu nyuzi za kitani moja moja kwa ncha ya sindano, akakata baadhi na kuzivuta zitoke, pakabaki matundu madogo ya mraba. Kisha anayajaza na kuyafunga kwa mishono mpaka pawe na umbo. Nyuzi ni nyeupe, rangi ya maziwa, na kahawia. Kuna nakshi moja ya mistari ya kupinda-pinda ambayo huiita mto, potamos kwa Kigiriki. Mimi nilioneshwa kitambaa kikigeuzwa, kisha kikageuzwa tena, na sikuweza kusema upande upi ni wa juu. Hakuna fundo, hakuna uzi unaoning'inia. Mama atakielewa hicho upesi kuliko mimi na wewe, kwa kuwa kofia ya mkono na ya mashine nazo hutofautishwa vivyo hivyo, kwa kuzigeuza.

Na hapo ndipo pa kuwa macho. Madukani humo humo Lefkara kuna vitambaa vya mashine vilivyotoka nje ya kisiwa, vizuri kwa macho na bei rahisi. Hakuna ubaya kuvinunua ukijua unanunua nini. Lakini kama unataka kazi ya mkono, geuza kitambaa, kishike kwenye mwanga, uliza nani ameshona na imemchukua muda gani. Mwenye kazi yake atajibu kwa furaha, pengine akuoneshe kilichobaki kwenye sindano. Ukiambiwa bei ukaona kubwa, usipige kelele za sokoni. Nunua kitu kidogo, hata kitambaa cha kuwekea kikombe, lakini kiwe cha mkono. Wanaojua kazi hii wengi wao ni watu wazima, na vijana wanakwenda mjini kutafuta mshahara. Nisingependa mama yako, ambaye anajua uchungu wa mgongo wa kazi kama hii, atoke pale amebeba cha mashine.

Muwe na pesa taslimu za yuro, na msipige picha nyuso za watu bila kuomba. Mama abebe kofia yake moja mkobani. Hana haja ya Kigiriki kuwaonesha wenzake alichoshona.

Chakula: kijiji kina sifa ya tavas, nyama ya kondoo na mchele, nyanya, vitunguu na bizari ya pilau, inayookwa polepole katika vyungu vya udongo. Kama mama anakula halali tu, ulizeni kwanza, maana nyama nyingi za vijijini hazikuchinjwa kwa namna hiyo, na nguruwe anapikwa sana. Msipopata jibu la uhakika, agizeni halloumi, ile jibini inayochomwa bila kuyeyuka, na sahani ya kunde zilizochemshwa na mboga, zikamiminiwa mafuta ya zeituni na ndimu.

Ondokeni mapema alasiri, mama angali na nguvu. Njiani kurudi, kando ya ziwa la chumvi la Larnaca, karibu na uwanja wa ndege, iko Hala Sultan Tekke, msikiti na kaburi la Umm Haram, sahaba aliyefika na msafara wa Waislamu katika karne ya 7 akaanguka kutoka juu ya nyumbu na kufariki hapo. Pana bustani na kivuli, na ardhi ni tambarare, kwa hiyo magoti hayatalalamika. Kama mama atapenda kuzuru, mpe saa nzima.

SWALI

Shangazi, mimi ni mwanafunzi Nicosia. Tuko wanne, tunataka kukodi gari mwezi wa kwanza twende Kakopetria na kuona theluji. Tuangalie nini?
Mwanafunzi kutoka Mwanza

JIBU

Mwanangu, nyinyi Kakopetria inawafaa. Kutoka Nicosia ni mwendo wa kama saa moja. Theluji yenyewe iko juu zaidi, kuzunguka mlima Olympos wenye mita 1,952, na siku za theluji barabara za juu huweza kufungwa au kuruhusu tu magari yenye minyororo ya matairi au yanayoendeshwa na magurudumu yote manne. Sikilizeni tangazo la polisi asubuhi ile ile, na mkiambiwa njia imefungwa mbaki kijijini, mtembee mtaa wa zamani wenye roshani za mbao juu ya mto. Kisha mwende kanisa la Agios Nikolaos tis Stegis, la karne ya 11, lililo nje kidogo ya kijiji. Lina paa la pili la mbao juu ya lile la kwanza, lililowekwa kulikinga na theluji na mvua, na ndani kuta zimejaa michoro. Ni moja ya makanisa ya Troodos yaliyoingia urithi wa dunia mwaka 1985.

Makampuni mengi ya magari yana umri wa chini, na dereva kijana hutozwa zaidi, kwa hiyo ulizeni kabla ya kuchanga pesa. Na kwa kuwa mji wenu, pamoja na kisiwa kizima, umegawanywa tangu 1974, Wagiriki kusini na Waturuki kaskazini, jueni kwamba bima ya gari la kukodi upande wa kusini haivuki mstari wa mgawanyo. Gari lisivuke.