Jibu: Gharama za kumtibu kichanga mwenye mguu kifundo

Dada, hongera kwa mtoto. Umeuliza kama muuze kiwanja kulipia upasuaji wa mguu kifundo (unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa) wa kichanga wa wiki tatu. Tafadhali msiuze kwanza! Kwa umri huo tiba ya kawaida ni njia ya Ponseti: mguu unanyooshwa taratibu kwa mikono, unafungwa hogo, na hogo linabadilishwa kila wiki, mara tano hadi saba hivi. Wengi huishia kukatwa tu kano ya kisigino kwa ganzi, kazi ya dakika chache.

Kama mko Dar, mpelekeni CCBRT, hospitali isiyo ya serikali iliyoko Msasani. Kwa sera ya Tanzania, watoto chini ya miaka mitano wamesamehewa malipo katika hospitali za serikali, kwa hiyo mkidaiwa pesa katika hospitali ya serikali muoneni ofisa ustawi wa jamii kabla ya kulipa.

Fedha mziwekee nauli. Nauli ya kila wiki ndiyo inayowakatisha wazazi tiba. Baada ya hogo kuna viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, kisha wakati wa kulala tu hadi miaka minne au mitano. Vikiachwa mapema, mguu hupinda tena. Mnaishi wapi?