Sauti inanikatikia juu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya. Nikipanda juu, sauti inakatika ghafla na kubaki nyembamba, kama si yangu. Wenzangu wanasema nisukume pumzi zaidi. Nisukume?

JIBU: Marahaba. Usisukume! Ushauri huo wa “sukuma” umeniletea wanafunzi wengi waliokauka koo.

Ndani ya kikoromeo kuna nyuzi mbili za sauti. Ukiimba chini huwa fupi na nene; ukipanda, misuli huzivuta zikawa ndefu na nyembamba. Ile noti ya La ya kurekebishia ala za muziki ni mitetemo 440 kwa sekunde, na ukiiimba, nyuzi zako hukutana na kuachana mara hizo hizo. Ukiung’ang’ania unene wa chini huku unapanda, misuli inavutana mpaka mmoja unaachia ghafla. Ndiyo hiyo unayoisikia.

Tafuta mrija wa kunywea. Ubane kwa midomo, pumzi isipenye pembeni wala puani, kisha imba “uuu” ukiteleza kutoka chini hadi juu na kurudi, polepole. Pumzi inayozuiwa na mrija huzisaidia nyuzi kukutana bila kugongana kwa nguvu. Ukifika pale panapokatika, punguza sauti, ila usiparuke. Gusa kikoromeo kwa kidole: kikirukia kidevuni, umeshaanza kukaza.

Na ukiona sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, acha mrija, nenda kwa daktari wa koo.