ULIZA FUNDI: Meli ya vita ya matanga, mtu anaianzaje akiwa Dodoma?

Mbukwenyi wasomaji. Safari hii maswali matatu yote yameangukia kwenye modeli za meli, sijui kuna nini kwenye mkoa ambao hata bahari hatuisikii, ila twende.

SWALI: Habari fundi. Mi ni mtumishi, nimehamia Dodoma na ofisi nikitokea Tanga, nakaa Iyumbu. Jioni sina cha kufanya, nikasema nitengeneze HMS Victory, ile meli ya vita ya amiri wa Uingereza Nelson, kwa mbao na kwa mikono yangu mwenyewe, sio yale maboksi yenye vipande vilivyokatwa tayari. Nina msumeno, drili, msasa na moyo. Nianzie wapi na nitumie mbao gani?

JIBU: Karibu Dodoma kaka. Moyo unao, ila Victory iache kwanza. Ile meli ilishushwa majini Chatham mwaka 1765, ina mizinga 104, na sitaha yake ya mizinga ina urefu wa mita 56.7. Ukiifanya kwa skeli ya 1 kwa 64, yaani sentimita 64 za meli ziwe sentimita 1 ya modeli, toka ncha ya mbele hadi tezi, yaani nyuma ya meli, inapita mita 1 na milingoti nayo karibu mita 1 kwenda juu, sasa hapo Iyumbu utaiweka wapi, na mizinga yote hiyo utaichonga lini? Wengi wanaoanza na meli kubwa wanaishia kuisukumia uvunguni.

Anza na Beagle. Watu wanaijua kwa sababu ya mwanasayansi Darwin na ile safari ya 1831 mpaka 1836, ila ilizaliwa meli ndogo ya vita ya mizinga 10, ikashushwa majini Woolwich mwaka 1820, urefu mita 27.5 na upana mita 7.5 hivi. Kwa skeli ileile unapata mwili wa sentimita 43 kwa 12, inakaa juu ya kabati la TV na mama watoto halalamiki.

Tafuta mchoro wa mistari, ule unaoonyesha meli kwa ubavuni, kwa juu na kwa mbele. Huo wa mbele ndo mali. Umegawanywa katikati, kulia mistari ya omo, yaani mbele ya meli, na kushoto ya tezi, na kila mstari ni umbo la meli pale ilipokatwa, yaani kila mstari utakuwa taruma lako moja, ule ubavu wa meli. Peleka kwa wanaochapa ramani za nyumba, tangu serikali ihamie huku hawakosekani, waambie wachape asilimia 100 maana zile mashine zinapenda kuubana mchoro uenee kwenye karatasi. Kabla hujalipa toa rula. Panapotakiwa kusoma 43 pakisoma 42, rudisha.

Halafu soma kama mistari inaishia nje ya mataruma au nje ya ubao. Michoro ya zamani ya jeshi la majini la Uingereza kawaida inaishia kwenye mataruma, ila ya wachoraji wa modeli mingine inahesabu na ubao. Ikiwa hivyo na unavisha mbao za milimita 2, kila taruma lipungue milimita 2 kila upande, la sivyo meli itanenepa.

Mkuku, ule uti wa mgongo wa meli, kata kwenye plaiwudi ya milimita 5, mataruma hivyohivyo, yachomeke kwenye mkuku na uhakikishe yamesimama wima. Sasa inakuja kazi ambayo hakuna anayeipiga picha na ndo inayoamua meli yako. Chukua ufito mwembamba unaopinda, ulaze toka omo hadi tezi juu ya mataruma. Unatakiwa uguse kila taruma kwa upana wake wote. Kule mbele na nyuma utaona unagusa kona tu, basi hiyo kona isugue kwa msasa uliogundishwa kwenye kibao kirefu, weka tena ufito, angalia, sugua. Ukielea mahali, gundisha ubapa mwembamba pale halafu sugua tena. Shuka hivyo toka juu mpaka mkukuni, pande zote mbili. Anayeruka hapa meli yake inatoka na mabonde kama barabara ya vumbi baada ya mvua, na vanishi ndo inayaonyesha zaidi.

Kwenye kuvisha mbao kumbuka mzunguko wa katikati ya meli ni mrefu kuliko wa omo, kwa hiyo ubao wa upana mmoja mwanzo mwisho utakugomea. Pima kila taruma kwa ukanda wa karatasi, gawa kwa idadi ya mbao zako, hiyo ndo upana wa ubao pale. Omo ya Beagle ni butu, mbao ziloweke maji ya moto, zipindie kwenye bomba la chuma lenye joto, zibane na vibanio vya nguo mpaka zikauke. Na weka ubao mmoja kulia kisha mmoja kushoto, ukimaliza upande mmoja kwanza mkuku unajikunja na hautarudi.

Mbao usinunue. Mafundi fanicha wana vipande vya paini na mninga vinavyoishia jikoni, paini weka ndani, mninga juu, chagua wenye nyuzi zilizonyooka. Vaa barakoa, vumbi la mninga linawasha. Kamba na matanga tutaongea siku nyingine, hayo hayajawahi kumshinda mtu mwenye mwili mzuri wa meli.

SWALI: Mambo fundi, mi mwanachuo hapa Dodoma. Mizinga ya shaba nikiagiza nje ni bei, naweza kuitengeneza?

JIBU: Poa. Tafuta kipande cha mpingo kwa wachongaji, ni mweusi wenyewe na ni mgumu, hauhitaji rangi kuonekana chuma. Chonga kijiti, kibane kwenye drili, drili ibane mezani, kizungushe taratibu huku unakila kwa tupa ndogo halafu msasa. Kata umbo la mzinga kwenye bati kama kipimo ili yote ifanane. Tundu la mdomo toboa kabla hujachonga umbo, ukitoboa mwishoni unapasua. Vaa miwani.

SWALI: Salaam aleikum. Mjomba wangu alinichongea modeli ya meli ya vita huko Unguja, nimekuja nayo Kondoa, miezi michache tu mbao zimeachana na kamba zimelegea. Niijaze gundi?

JIBU: Waaleikum salaam. Usijaze. Mbao ya pwani imezoea hewa yenye unyevu, huku kuanzia Mei mpaka Novemba hewa ni kavu na mbao inasinyaa kwa upana. Ukijaza sasa hivi, mvua za Desemba zikianza mbao inavimba, inasukumana na ulichojaza, na pale inapasuka kweli. Itoe dirishani, iweke kwenye boksi la kioo na kichupa cha maji chenye kifuniko kilichotobolewa, kiwe mbali na mbao. Ukiona bado kuna ufa unaokusumbua, paka nta laini ya rangi ya mbao, hiyo inatoka ukitaka. Kamba usizikaze mpaka uone zikoje mvua zikishakolea.