Kutia injini nyengine kwenye jetiski (Yamaha 701 iliyojam Paje)

Ndugu yangu umeuliza hiyo Yamaha yako ya tu-stroki, 701 (yaani cc 701) ya kabureta mbili, iliyokujam injini haizunguki hapo Paje, Unguja, ununue injini ya mtumba Dar uitie au ufungue hiyo hiyo. Mie kazi hii naifanya, zangu na za watu, kaskazini na huko kusini. Jibu langu, injini nyengine tia, ila usiitie mpaka ujue ile ya mwanzo imeuliwa na nini, maana ukiipandisha nzima ukaiacha na maradhi yale yale utarudi hapa hapa kuuliza tena na pesa zishakwenda.

Kwa Paje wa kwanza kumshuku ni mwani na mchanga. Jetiski haina kipampu chake cha maji kama mashine ya boti, maji ya kupozea injini yanatokana na ile ile pampu ya nyuma inayosukuma chombo, basi maji yakipwa, hasa bamvua, mtu anaipitisha kwenye maji ya magotini inafyonza mchanga na mwani mpaka ule wavu wa chini unaziba, injini haipati maji na mgeni aliyekodi hata habari hana, anaona bado inakwenda anazidi kukandamiza. Mie vijana nimewaambia maji hayajafika kiunoni isiwashwe, isukumwe kwa mkono. Na kile kitobo cha pembeni kinachotema maji wakiangalie kila ikiwashwa, hakitemi wazime.

Sasa fungua kichwa, toa silinda, uzitizame pistoni. Imekwaruzika silinda moja tu nyengine safi? Basi tatizo lipo upande huo, kabureta yake imeziba au oilsili ya krenki (ule mpira wa kuzuia kuvuja) upande ule inavuta hewa, petroli inakuwa chache hewa nyingi, pistoni inapata moto mpaka inanasa. Zimeliwa zote mbili, rudi kwenye maji ya kupozea, oili, au petroli yenyewe. Zimekwaruzika sehemu nne nne kuzunguka pistoni, hiyo ni ya kuwashwa baridi ikavutwa mafuta yote hapo hapo, jambo wanalolipenda sana vijana wa ufukweni wakitaka kuonekana.

Ukishajua ndo uende Dar. Rangi mpya isikubabaishe, wauza mtumba wote wanapiga rangi. Nenda na geji yako mwenyewe ya kompresheni, ya kupimia presha ya silinda, plagi zote mbili nje, waya za plagi zitie athi, yaani zigusishe chuma cha injini, usije ukaunguza CDI, lile boksi la umeme wa plagi, mafuta vuta mpaka mwisho, piga stata. Silinda mbili zisipishane zaidi ya psi 10. Halafu shika krenki uitikise juu na chini, ikicheza iache hapo hapo hata akupunguzie nusu bei. Na soma herufi kwenye injini, 61X na 62T zote ni 701 lakini 61X ni ya kabureta moja na vitu vyao havioani vyote, yako ya kabureta mbili kwa hiyo tafuta 62T. Boksi lako la umeme kama zima baki nalo.

Kabla hujapandisha, ipimeni hewa. Ziba ekzosi, ziba njia ya kabureta, jaza kama psi 8 hivi uiache dakika tano. Ikishuka paka maji ya sabuni utaona inapovujia. Mafundi wengi wanairuka hii kwa sababu wateja hawaijui. Na ile mipira ya maji ya zamani pamoja na ekzosi vipulizwe visafishwe, mchanga ulioua injini ya mwanzo bado umo humo.

Kupandisha sasa. Wakati wa kushusha ya zamani utakuta chini ya mauntingi, ile miguu inayokalia injini, vibati vyembamba, usivichanganye, kila kimoja uandike kimetoka wapi. Hivyo ndo vinavyoiweka injini sawa na shafti ya pampu. Injini nyengine inaweza kutaka tofauti kidogo kwa hiyo kurudisha tu haitoshi, weka rula ya chuma juu ya kaplingi mbili, ya injini na ya shafti zinapokutana, juu na pembeni, rula ilale kote bila mwanga kupita, kama hailali ongeza au punguza kibati. Inachosha, utashusha na kupandisha mpaka mgongo ukuume, lakini ikienda upande inatetemeka, inakula mpira wa kaplingi, halafu inaua beringi na sili ya shafti na hapo maji ya chumvi yanaingia ndani ya chombo. Nimeona jetiski inasingiziwa injini mbovu kumbe ni fundi hakuweka rula. Bolti za mauntingi zitie gundi ya bolti, na injini inyanyueni kwa cheni bloki, sio watu wanne wanapiga kelele.

Oili, tangi la mwanzo changanya mwenyewe 25 kwa 1, yaani lita 20 za petroli mililita 800 za oili, baadae 50 kwa 1, mililita 400, kama huna pampu ya oili inayochanganya yenyewe. Hata kama pampu ya oili ipo, kwenye tangi hilo la mwanzo changanya, na hakikisha ile pampu imetolewa hewa. Oili iwe ya mashine za baharini, TC-W3, wavuvi wa boti za mashine wanaitumia haikosekani, usitie ya pikipiki.

Kuosha chumvi, washa kwanza ndo ufungue maji, ukimaliza funga maji kwanza ndo uzime. Ukigeuza, maji yanapanda kwa ekzosi yanaingia kwenye silinda.

Kazi yenyewe ifanye masika hii wageni hawapo, usingoje msimu ufunguke fundi akakuharakishia. Na kabla hujapanda boti kwenda Dar hebu tupia hapa picha za pistoni, upande wa ekzosi na upande wa kabureta, zote mbili.