Re: Baba kakwanguliwa tezi dume, sindano moja tu ya antibayotiki inatosha?

Salaam ndugu yangu wa Malindi, na pole kwa kuuguza. Nimekuelewa: mzee alichomwa sindano moja kabla ya upasuaji, karudi nyumbani na mpira wa mkojo, na jirani anakusukuma ununue dozi ya siku saba dukani. Usinunue.

Sindano ile hupigwa ndani ya saa moja kabla, ili dawa iwe tayari mwilini vyombo vinapopita. Kwa wengi kazi yake huishia hapo. Kwanza angalia karatasi zake: je, mkojo wake ulioteshwa maabara, yaani kupimwa kama una vijidudu, kabla ya upasuaji? Kama vijidudu vilionekana, habari ni nyingine, mpigie daktari.

Mimi hapa Lamu nilijifanya mjuaji, nikampa baba vidonge siku tano. Mpira umo ndani, vijidudu hurudi tu, na vinavyobaki ndio sugu. Homa ilipokuja kweli, dawa ile haikugusa kitu. Tulivuka usiku kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, mzee anatetemeka chini ya mablanketi mawili.

Cha kushughulikia ni mfuko. Uning'inie chini ya kibofu, usiguse sakafu (wangu alikuwa akiupakata huku anacheza bao!), na unawe mikono kabla ya kuumwaga. Maji anywe, isipokuwa kama daktari kamwekea kipimo kwa ajili ya moyo au figo.

Mkojo mwekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Ila homa ya 38 kwenda juu, kutetemeka, maumivu ya ubavuni, kuchanganyikiwa au mpira kuziba, usingoje kuche.