Kipimo kimoja kinasema sina, kingine kinasema ninacho

SWALI: Nilipima homa ya ini B kwa kipimo cha haraka, nikaambiwa sina. Wiki moja baadaye nikaenda kuchangia damu, wakaniambia vinasaba vya kirusi vimeonekana. Nina watoto wawili. Nani kakosea?
– Mama mwenye wasiwasi

JIBU: Pole sana, dada yangu. Nimefanya kazi maabara zaidi ya miaka ishirini, na nakwambia huenda hakuna aliyekosea.

Kipimo cha haraka hakitafuti kirusi kizima. Kinatafuta protini ya ganda lake, tena kipande kidogo tu. Protini hiyo ina asidi amino 226, yaani vipande vidogo vilivyoungana kama shanga. Kingamwili nyingi, yaani protini za kinga zinazokitambua kirusi, hushika eneo la kuanzia ya 124 hadi ya 147. Pakibadilika kitu hapo, kingamwili iliyopakwa kwenye kipimo inaweza kukosa pa kushika na mstari usitokee. Badiliko linalojulikana zaidi liko nafasi ya 145: glisini imeondoka, imeingia ajinini. Lilielezwa mwaka 1990, kwa mtoto wa Italia aliyeambukizwa ingawa alichanjwa.

Mabadiliko hutokea kwa sababu kimeng'enya (protini inayofanya kazi) kinachonakili vinasaba vya kirusi hiki hakirudi nyuma kusahihisha makosa yake. Tena jeni ya ganda imelala ndani ya jeni ya kimeng'enya hichohicho, kwa hiyo usugu wa dawa ukiingia upande mmoja, ganda nalo huweza kubadilika. Kama umewahi kumeza lamivudini, dawa inayozuia kimeng'enya hicho, mwambie daktari wako.

Nakumbuka sampuli moja tuliyoirudia mara tatu. Kipimo cha haraka kilibaki na mstari mmoja, mashine ya aina nyingine ikasoma chanya bila kusita. Tangu siku hiyo sijawahi kumwambia mtu "huna" kwa mstari huo peke yake.

Lakini ganda lililobadilika si sababu pekee. Maambukizi yakiwa mapya, au protini ikiwa chache mno kwenye damu, kipimo cha haraka hukosa vilevile. Omba wapime kingamwili dhidi ya kiini cha kirusi, wingi wa virusi na vimeng'enya vya ini, na warudie kipimo cha ganda kwa mashine ya aina nyingine.

Wanao na mumeo wapimwe pia. Asiye na maambukizi wala kinga achanjwe dozi zote, usimcheleweshe kwa sababu ya kisa cha yule mtoto. Chanjo inakinga watu wengi mno, na virusi vinavyoiponyoka ni vichache.